Karatasi Nyekundu ya Shangazi

Katika duka lake la kuchapa fulana mjini Tainan, shangazi yangu Yueh-chin anaogopa nyuzi kuliko wezi. Ukija na sweta, unavuliwa mlangoni. Kila fulana ya poliesta anaipitishia rola yenye gundi, anaipasha moto ikauke unyevu, kisha anaifunika karatasi safi juu na chini. Uzi mmoja tu wa rangi ukibanwa kwenye mashine ya kuchapia kwa joto, unaacha doa lisilotoka kwa sabuni yoyote.

Jana, fulana nyeupe za msafara wa hekalu, zilizotakiwa saa tisa, zilianza kutoka na vidoa vyekundu begani. Tatu mfululizo!

"Nani kaleta sweta humu?" akafoka.

"Shangazi, hebu tazama juu."

Juu ya mashine alikuwa amebandika karatasi nyekundu ya baraka, aliyopewa hekaluni ili kazi isiharibike. Joto lilikuwa limeichakaza, ikawa inapukutisha nyuzinyuzi nyekundu taratibu juu ya fulana.

"Mtoto wewe, unaisingizia miungu?"

Hata hivyo aliibandua kwa mikono miwili, akaibandika mlangoni, kwa nje. Fulana zilizofuata zikatoka safi, na saa tisa zilikuwa tayari.

"Umeona?" akaniambia, kifua mbele. "Baraka ile ina nguvu kweli."