Sauti ya Malkia Mama

Siku yangu ya kwanza kazini nilifunikwa blanketi. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2017, mtaa wa Gulfton, Houston, katika apatimenti ambayo jirani wa juu alikuwa na watoto wanne na wote wanakimbia. Mkurugenzi wa Sauti, Mkenya mpole asiyejua kucheka, alinifunika mimi na maikrofoni pamoja. "Madam, soma pole pole," akasema, "na usipumue karibu." Nilikuwa nimetangaza redio Tanga nusu ya maisha yangu, na huko hakuna aliyewahi kunifunika.

Kazi ilikuwa kutia sauti. Kituo kimoja cha televisheni huko nyumbani kilinunua tamthilia ya Kikorea ya maisha ya ikulu ya kale, nasi tukawa tunaondoa sauti za Wakorea na kuweka zetu za Kiswahili. Mimi nilipewa Malkia Mama, mzazi wa mfalme. Vijana mnadhani ugumu ulikuwa maneno. Ulikuwa midomo. Mdomo wa mwigizaji ukifunguka uwe unasema, ukifungwa uwe umenyamaza, na hilo ndilo tuliloliita kulandanisha. Tafsiri ikitoka fupi kuliko mdomo, Mhariri wa Tafsiri aliziba pengo kwa maneno yake. Kikorea hakujua. Alitafsiri maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha, na vipindi tulitumiwa kimoja kimoja, kwa hiyo hakuna aliyejua kesho ya ikulu ile.

Mwaka mpya ulipoanza, tukiwa bado kwenye vipindi vya mwanzo, studio ilihamia mji wa Euless, karibu na uwanja wa ndege, nami nikaenda kukaa kwa mpwa wangu. Nusu ya kazi ikawa kungoja ndege ipite. Huko ndiko alikojiunga Espérance, binti wa Kirundi aliyefanya kazi ghalani wiki nzima, na kila Jumamosi asubuhi akija studio na viatu vyake vile vile vya ghala. Alipewa sauti ya mjakazi wa jikoni. Aliipenda kazi ile kupita sisi sote. "Ghalani naongea na maboksi, Mama," aliniambia. "Hapa watu wananisikia."

Katika kipindi cha nne mjakazi analeta supu ya mfalme, anakunywa kijiko kimoja, kisha anarudi nyuma. Malkia Mama anasema maneno marefu, lakini maandishi yalikuwa maneno mawili matatu tu. Mhariri akajaza: "Mwizi wewe, hata supu ya mfalme unaidokoa?" Niliipenda sana sentensi ile. Niliisema kwa madaha yote niliyojaliwa.

Espérance akavua hedifoni. Tulikuwa watatu tu chumbani, yeye, mimi na Mhariri.

"Hapa si sawa," akasema. "Kwetu Burundi, mwenye kukupa kinywaji anaonja mbele yako, ujue hakuna sumu. Mwangalieni mfalme. Hakasiriki. Anangoja."

"Dada, deadline ni leo," Mhariri akajibu. "Soma kilichoandikwa."

Nilitazama picha. Kweli mfalme alikuwa anangoja. Nikageuza ukurasa.

Wiki tano mfululizo tukamwita yule mjakazi mwizi. Kikaja kipindi cha tisa. Akaonja supu, akaanguka, akafa, na ikulu nzima ikamlilia kwa uaminifu wake. Watazamaji hawakuelewa kitu, na kituo kikatishia kuturudishia kazi yote.

Mkurugenzi alituita Jumamosi asubuhi. Hakuketi.

"Kuna mtu alijua mapema?"

"Hakuna aliyesema kitu," Mhariri akajibu.

"Nilisema," akasema Espérance. "Kipindi cha nne. Mama hapa alikuwepo, alisikia."

Mkurugenzi akanigeukia. "Madam, ulisikia hiyo maneno?"

Ndege ikapita, na kwa mazoea tukangoja wote. Nawaambia ukweli, ule muda ulinitosha kabisa kufikiri. Mhariri ndiye aliyekuwa akipanga sauti za msimu wa pili, na asubuhi ile ile alikuwa ameniambia jina langu liko juu. Ukubwa jalala, walisema wazee wetu. Mimi nilitaka ukubwa bila takataka zake.

"Sikumbuki," nikasema.

Mkurugenzi alimwambia Espérance hawezi kukaa na mtu anayesingizia wenzake, naye akachukua koti lake akatoka. Mjakazi alikuwa amekwishakufa, hata sauti nyingine haikuhitajika.

Msimu wa pili niliupata. Korona ilipofunga studio mwaka 2020 nilirudi upande wa Houston, kwa binti yangu aliyeishi Sugar Land, nikamalizia kurekodi ndani ya kabati lake, katikati ya makoti. Siku ya kustaafu walinipigia simu ya video, na Mkurugenzi akanisifu kwamba sauti yangu haijawahi kutetereka. Niliona haya hadi nikazima kamera.

Mnaoanza kazi mtaambiwa mtunze koo, mnywe maji ya uvuguvugu, msile pilipili. Fanyeni hivyo. Mimi koo langu ni zima hadi leo, ila siku niliyolihitaji sikulitumia.

Mwezi ule nilimtafuta Espérance. Siku hizi anahudumia wagonjwa. Nilimwomba radhi, nikalia, naye akangoja nimalize.

"Mama, nilishakusamehe kitambo," akasema taratibu. "Ila kazini, nikiona kitu kimekosewa, sasa nanyamaza."