Povu la Kasiksi na Rangi ya Manjano

Mwanangu Furaha,

Ipo siku moja ya ujana wangu inayonirudia tangu tulipoongea kwa simu jana. Acha nikuandikie kabla hujasimama mbele ya maprofesa wako Ijumaa kuwasilisha kazi yako.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, nakaa Mudaka kwa shangazi yangu, tantine Nabintu, na miguu tayari inaniwasha kuondoka. Wewe unanijua mimi mjomba wako, tonton asiyetulia: miguu hiyo haijapona hadi leo. Tantine alipika kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na watu walitoka hata huko Miti kuifuata. Alikuwa na njia yake. Kila mara aliigawa pombe katika bido nyingi, yale madumu madogo ya plastiki, kwa sababu hakuna bido inayochacha sawasawa na mwenzake. Zikiiva alionja zote. Iliyozishinda nyingine kwa utamu, mashapo yake ya chini aliyaweka yawe chachu ya safari inayofuata. Nyingine ziliuzwa, basi.

Ikatokea akaitwa kwenda kumuuguza mama yake, na siku ya mahari ya dada yangu Riziki inakaribia. Kazi akaniachia mimi.

Mwanangu, kuonja pombe changa asubuhi, tumbo halina kitu, si raha. Lakini povu unaliona hata ukiwa mlangoni. Kwa hiyo nikachagua bido yenye povu refu kuliko zote, nikaweka mashapo yake. Safari iliyofuata nikafanya hivyo hivyo, na iliyofuata tena. Na povu likapanda kweli! Mwishoni nilikuwa nikifungua kifuniko, linaruka hadi kwenye mabati, na majirani wanapiga makofi.

Tantine alirudi zikiwa zimebaki siku chache. Nikamfungulia bido kwa majivuno, povu likamwagikia viatu vyake. Akacheka. Halafu akaonja, akatema.

"Chance, uliichagua na nini? Mudomo ao macho?"

"Macho, tantine. Ona vile inapanda!"

"Inapanda, njo. Uliiomba ipande, nayo ikakusikia. Sasa bakwe ba Riziki banakuya hapa kunywa povu?"

Nikatafuta pa kuficha uso. Ilikuwa chungu kama nyongo, na mimi sikuwa nimeionja hata mara moja. Tantine hakupoteza muda kunigombeza zaidi. Alinituma kwa maman Faida, jirani aliyekuwa amepewa mashapo ya zamani, tukaanza upya kutoka hapo. Siku ya mahari povu lilikuwa dogo tu, la aibu, lakini wazee wa upande wa mume waliomba kibuyu cha pili kabla hata ya kuanza maneno.

Sasa njoo kwenye kazi yako. Ulinieleza vizuri: kuna kimeng'enya, kitu kidogo kinachosaidia kuvunja sumu ya muhogo mchungu. Mnabadilisha kidogo maagizo yanayokiunda, bakteria wanawatengenezea aina nyingi, mnazipima, mnachukua iliyo bora, mnabadilisha tena. Na kupima mnatumia dawa inayofanana na ile sumu, kwa sababu ikivunjwa inatoa rangi ya manjano na jibu linaonekana haraka.

"Tonton, kila mara inazidi kung'aa, iko kama jua!" ulisema.

"Na kwenye muhogo wenyewe?"

Ukanyamaza. Kisha: "Ya muhogo tutaona kisha, nyuma ya Ijumaa. Ijumaa banataka kuona rangi."

Mwanangu, mimi sijui maabara, na lililo kwenye ukimya wako unalijua kuliko mimi. Ila hapa Sange ninapoandika, nawaona akina mama wanaoloweka muhogo mchungu muda mfupi mno kwa sababu watoto wana njaa leo. Hao hawatakula rangi.

Basi nasaha yangu ni hii. Kitu unachokiboresha kinakwenda kule unakokipimia, hakijui unachokitamani moyoni. Kipime kwa kazi utakayokituma. Kama hiki cha mwisho kitashindwa na muhogo, usilie, wala usitupe: rudi kwenye zile aina za nyuma mlizozihifadhi kwenye baridi, maana mojawapo huenda haikung'aa sana na bado ikaujua muhogo. Na Ijumaa waambie maprofesa umefika wapi, bila kuongeza povu. Utafaulu, sina shaka hata kidogo. Mtu anayenyamaza pale anapoulizwa vizuri, huyo tayari ameanza kuonja.

Kesho asubuhi dereva wa basi la Bukavu atakuletea mfuko wa muhogo mchungu wa hapa. Nimeuchimba mwenyewe. Uanze nao.

Mungu akutulizie mikono, akupe uvumilivu wa tantine Nabintu, na anifikishe siku ya kumwona mama wa Sange akiloweka muhogo wake asubuhi na kuwalisha wanawe jioni, bila woga.

Tonton wako,
Chance