Lebo Anamtafuta Baba Kwenye Picha

Kazini walimwita Lebo, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kila alichokigusa alikibandika kikaratasi cha maelezo: droo ya nyaya, chaja za betri, hata kopo la sukari la ofisini, ambalo aliliandika "sukari, si chumvi" baada ya mhasibu kuharibu chai ya watu wote. Kwa hiyo kampuni iliponunua programu ya kutunza picha, meneja hakuumiza kichwa kutafuta mtu wa kuipanga.

Kampuni yao ilikuwa ya droni. Ilipiga picha za mapaa, mashamba, nguzo za umeme na barabara zinazojengwa, ikaziunganisha kuwa ramani na kuwauzia wateja. Shida ilikuwa kuzipata tena. Nyingine zilikuwa kwenye diski zilizofungwa kwa mpira, nyingine kwenye simu ya rubani, nyingine ndani ya kompyuta iliyokwisha kufa. Mteja akirudi kuulizia paa lake la mwaka jana, ofisi nzima ilisimamisha kazi kutafuta, na mara nyingi iliambulia patupu.

Lebo alianza kwa kuweka sehemu za kujaza: mteja, mahali, tarehe, aina ya kazi. Akaweka sharti kwamba picha isiyo na maelezo hayo haipokelewi. Haikuchukua muda, rubani mkuu, waliyemwita Mwewe, akaja mezani kwake amevimba.

"Dada, mimi nikiruka mara moja narudi na mamia ya picha. Unataka nizipe majina moja moja kama watoto wangu?"

"Kwani watoto wako wamefika mamia?"

Mwewe alicheka bila kupenda, akavuta kiti. Akamweleza kwamba droni haipigi picha ovyo. Inakwenda na kurudi kwa mistari, kama mtu anayefyeka nyasi, na kila picha hurudia sehemu kubwa ya ile iliyotangulia, ili kompyuta ipate pa kuziunganishia. Tena ndani ya kila picha droni yenyewe huandika saa, kimo, na mahali ilipokuwa angani.

"Yaani inajiandika?"

"Inajiandika. Anayenitesa ni wewe tu."

Lebo akapangua na kupanga upya. Akaielekeza programu isome yenyewe saa na mahali, na kuzipanga picha kwenye ramani, rubani abaki na kazi ya kuchagua jina la mteja. Akazima pia kipengele cha kufuta picha zinazofanana, maana kingemeza nusu ya kazi ya Mwewe bila hata kucheua. Ila jambo moja alilikomalia. Droni inaona nyua za watu, wanaoanika nguo, wanaoogesha watoto. Picha mbichi, ambazo hazijakaguliwa na kufichwa sura, zikae zimefungwa. Zionwe na mkaguzi peke yake. Mwingine akitaka kuzifungua, hata akiwa yeye Lebo, aandike sababu na meneja akubali.

"Unajifungia mlango mwenyewe," meneja alimwambia.

"Nikijiachia mimi, nitamkatalia nani?"

Nyumbani Lebo aliishi na baba yake, na shangazi yake aliyekuja kusaidia kumtunza. Mzee alikuwa fundi wa mitambo ya maji, amestaafu siku nyingi, na sasa kumbukumbu ilikuwa ikimtoka. Siku nyingine alikuwa mzima kabisa, anatania na kusimulia. Siku nyingine alimwangalia bintiye kwa adabu, kama mgeni aliyekuja kusoma mita.

Siku ya mkasa wenyewe simu iliita karibu na adhuhuri.

"Babako hayupo!" Shangazi alikuwa anahema. "Nilikuwa nafua huku nyuma, nikajua amelala. Kumbe kitanda kitupu! Nimezunguka mtaa mzima, majirani nao wanatafuta. Hakuna aliyemwona."

"Amevaa nini, Shangazi?"

"Kile kizibao chake cha kazi, cha rangi ya chungwa. Na ameondoka na ndoo yangu nyekundu! Ametia nyundo na spana zake humo."

Lebo alikata simu. Akamkimbilia Mwewe, aliyekuwa akipanga betri kwenye chaja, akamweleza huku maneno yakigongana mdomoni.

"Rusha droni. Tafadhali, kaka. Rusha sasa hivi."

Mwewe alimshika mabega. "Nisikilize. Betri zote nimerudi nazo zimekauka, na hata zikijaa, moja haimalizi nusu saa angani. Kamera ya joto saa hizi haina maana, bati zote zinawaka kuliko mtu. Na mtaa wenu uko jirani na hospitali, pale siwezi kuruka bila kibali." Kisha akatoa macho. "Lakini asubuhi nilikuwa huko huko, kwa kibali cha asubuhi tu. Nilikuwa napiga ile barabara mpya, inapita nyuma ya nyumba zenu. Picha zimeshapanda, kishikwambi kilizipakia nikiwa njiani."

Lebo hakungoja amalize. Alifungua programu, akazungushia duara mtaa wao kwenye ramani, akachagua asubuhi ya siku ile. Likatokea kundi zima la picha, kila moja na alama ya kufuli. Ni kufuli aliloliweka yeye mwenyewe. Mahali pa kuandika sababu aliandika maneno matatu tu, "namtafuta baba yangu", akabonyeza. Meneja alikuwa kikaoni na mteja, simu iko mezani mbele yake. Lebo aliikodolea macho skrini. Mara makufuli yakaanza kufunguka, moja baada ya jingine, na mlango wa chumba cha mikutano nao ukafunguka. Meneja alikuja mwenyewe, amemwacha mteja na chai yake.

Tatizo likawa vizibao. Barabara ilikuwa imejaa mafundi, wote wa rangi ya chungwa, na kutoka juu mtu ni kofia na kivuli tu.

"Tafuta ndoo," Mwewe alisema.

Wakatafuta ndoo. Wakapita katapila, rundo la kokoto, mbuzi watatu waliolala katikati ya lami kana kwamba wamejengewa wao. Mkaguzi, dada mpole aliyezoea kuchungulia picha kutwa, ndiye aliyegusa skrini kwa kidole.

"Huyu je?"

Kizibao cha chungwa, na kando yake kitone chekundu. Lebo akavuta picha karibu. Kwa sababu kila picha ilirudia ile ya kabla yake, Mzee hakupotea. Hapa yuko kando ya mtaro. Hapa amepita kalavati. Hapa amesimama, pengine anapumzika. Droni ilipozunguka na kurudi na mstari mwingine, yeye alikuwa ameiacha barabara na kushika njia ya vumbi inayopanda kilimani.

"Matangi ya maji ya zamani," Lebo alinong'ona. "Anakwenda kazini."

Walitoka kwa gari la kampuni, Mwewe akiendesha, Lebo nyuma ameushikilia mlango kwa mikono miwili. Njiani hakuomba kitu kingine ila jua lisiwe limemwangusha.

Jua halikumwangusha. Walimkuta kivulini, kwenye kiti cha mlinzi, ana kikombe cha maji mkononi na ndoo miguuni. Mlinzi wa matangi aliinuka haraka.

"Ninyi ndio wenzake? Aisee, karibuni. Kanigombeza kwa kuchelewa kufungua geti, nikajua mkaguzi wa maji huyo. Baadaye nikaona hapana, huyu mzee ana watu wake. Nikamkalisha, nikapiga simu kituo cha polisi, bado nawangojea."

Lebo alipiga magoti mbele ya kiti. Baba yake akamtazama yeye, akamtazama Mwewe, uso umekunjamana.

"Zamu yangu imekwisha kitambo. Gari la kurudisha wafanyakazi liko wapi?"

"Ndilo hili, Mzee wangu," Mwewe alijibu bila kusita, akafungua mlango. "Samahani, tumekawia. Foleni."

"Kesho wahini," Mzee alisema, akapanda na ndoo yake.

Hapo ndipo Lebo alipoangua kilio, na katikati ya kilio akajikuta anacheka, hajui lipi aanze na lipi amalize. Baba yake alimpa leso. "Kazi ya maji inachosha, mwanangu," alimwambia, na neno hilo la mwisho likamliza upya.

Nyumbani Shangazi aliwapokea getini, akamkumbatia kaka yake kwanza, kisha akamfokea, kisha akamkumbatia tena. Wiki ile walifunga kengele kwenye geti, na kwenye kola ya kile kizibao Lebo akashona kitambaa chenye namba yake ya simu. Mzee alikikagua, akasema kampuni sasa imeanza kujali wafanyakazi.

Ofisini, picha za barabara zilikaguliwa kama kawaida kabla ya kukabidhiwa. Mkaguzi aliuliza kama amtoe mzee wa ndoo au amwache.

"Mfiche sura kama wengine," Lebo alijibu, akaendelea kuweka mipangilio ya picha za nguzo za umeme. Simu ya Shangazi ilipoita, aliipokea taratibu, mkono umetulia. Shangazi alitaka kujua kama jioni apitie sokoni au vitunguu vingalipo.