Wimbo Ambao Mama Alitaka Kuusikia

Ephraim Wambura alikuwa mpiga gita la besi wa kwaya pale Butiama mwaka ule duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilipomfunika mdogo wake, Dennis. Walikuwa wakichimba pamoja. Siku hiyo Ephraim alikuwa juu akivuta kamba ya ndoo, Dennis yuko chini, udongo ukashuka. Kwa siku moja na nusu alimsikia akiita kutoka ndani ya kifusi. Yeye na wachimbaji wenzake walichimba mpaka kucha zikang'oka. Kisha sauti ikanyamaza, na mwili haukupatikana.

Mama yao, Anastazia, aliambiwa mwanawe alikufa papo hapo. Wazee walikubaliana hivyo, na Ephraim akakubali pamoja nao.

Msibani kwaya iliimba habari za mbinguni na mapumziko. Ephraim alipiga besi yake, lakini alihisi wanamwimbia marehemu mwingine.

Baadaye alihamia Musoma, akafungua kibanda cha ufundi simu mtaa wa Iringo, ila Jumapili alirudi Butiama kupigia kwaya. Pale kibandani mteja mmoja alimwachia simu iliyojaa nyimbo za bleki meto, muziki wa Wazungu wa nchi za baridi: magita yanakwaruza, ngoma zinakimbizana, na mtu anapiga ukelele kana kwamba ananyongwa. Samia, muuza vitenge wa jirani, alicheka.

"Fundi, huyu anaimba au kabanwa na mlango?"

Ephraim hakucheka. Aliurudisha wimbo mwanzo. Tangu atoke machimboni, hakuwa amesikia kitu kinachofanana na kile.

Akajifunza kupiga vile. Akarekodi wimbo wake, akaupeleka kwa Mwalimu Robert, kiongozi wa kwaya.

"Ephraim, hizi ni kelele za shetani. Na muziki wenyewe uko wapi?"

"Mwalimu, mama zetu wakipiga yowe msibani, huwaga unawauliza muziki uko wapi?"

"Kile ni kilio. Huu ni utoto."

Wakamtoa kwenye kwaya.

Habari zikamfikia Anastazia. Ephraim alipokwenda kumsalimia, alimkuta anamenya mihogo.

"Nimesikia unaimba mashetani. Niwekee nisikie mwenyewe."

"Mama, hutaupenda."

"Sijakuuliza kama nitaupenda."

Akaweka. Mama akatua kisu, akainamia simu. Katikati ya makelele sauti ya Ephraim ilipasuka, ikaita: mama, mama, niko hapa, nipeni maji. Aliyaimba maneno yale kama alivyoyasikia. Hakuongeza hata moja.

Wimbo ulipoisha, mama aliuliza, "Hayo maneno umeyatunga?"

"Hapana, mama."

"Aliita muda gani?"

Ephraim alitazama chini. "Siku moja na nusu."

Anastazia alikaa kwenye udongo, miguu kainyoosha mbele kama mfiwa. Hakulia.

"Miaka miwili namshukuru Mungu kwamba mtoto hakuteseka," alisema. "Nenda, Ephraim. Nenda tu."

Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, Mwalimu Robert alianza kuyaigiza yale makelele na watu wakacheka. Anastazia akamsogelea.

"Mwalimu, usiucheke huo wimbo. Wote mlinidanganya. Wimbo haukunidanganya."

Akafunga kanga yake vizuri, akaondoka peke yake.

Ephraim aliyapata hayo kwa watu. Akampigia mama yake siku hiyohiyo, hakupokea. Hajapokea mpaka leo.