Majembe Yasiyo na Wimbo

Nilisikia majembe kabla sijamwona mtu. Mengi, labda thelathini, yakipiga udongo kwa pamoja. Pwa! Kisha kimya. Pwa! Kisha kimya. Kama hukulelewa Usukumani hutaona ajabu yoyote hapo. Lakini sisi hatulimi kimya. Kundi likiingia shambani huingia na ngoma na mwimbishaji, majembe hurushwa juu na kudakwa, na mpita njia hujua kwa wimbo kwamba leo analima kundi la fulani. Majembe thelathini bila wimbo hata mmoja?

Utasema nilikuwa nimelewa. Pombe sijaionja mpaka leo. Utasema niliota. Basi mama yangu na mke wangu waliiota ndoto hiyo hiyo, wakaipikia uji na kuinyoa nywele. Sikuombi uniamini. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho.

Ilikuwa miaka ile serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba. Ushirika wetu ulikuwa unakata roho. Ghala la kijiji lilibaki na popo, na kila wiki gari jipya liliingia Bariadi na mnunuzi mpya mwenye miwani ya jua. Mmoja wao alitangaza kwamba atakayemletea kwanza orodha ya wakulima wa milimani ndiye atakuwa wakala wake. Nilitaka uwakala ule kuliko nilivyotaka kula. Wenzangu walikuwa na baiskeli. Mimi nikaenda kwa Mzee Salum, mwenye duka la vitambaa, kukodi pikipiki.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya bwana shamba wa ushirika. Ushirika ulipoanza kuuza vitu vyake Mzee Salum aliinunua, akaipaka rangi ya bluu, lakini herufi za zamani zilionekana bado chini ya rangi, kama kovu chini ya nguo.

"Kijana, hii si punda," aliniambia huku akinikabidhi ufunguo. "Punda akichoka analala. Hii ikichoka inakulaza wewe."

"Nitaitunza, mzee."

"Na usipakie mtu. Springi za nyuma zimekwisha."

"Nitampakia nani huko mawe matupu?"

Akacheka. "Nyie Wasukuma mnapakia hata mbuzi."

Kabla sijaendelea, lazima nikuambie habari za kaka yangu Maduhu, maana bila yeye kisa hiki ni upepo tu.

Maduhu alikuwa mkubwa wangu kwa miaka sita. Alikwenda kulima kibarua kwa tajiri mmoja wa milimani. Jina lake sitalitaja, watoto wake wako hai na wana mkono mrefu. Kabla msimu haujaisha Maduhu aliletwa juu ya lori la pamba, amefungwa ndani ya sanda na juu yake gunia. Ugonjwa wa ghafla, walisema, na mwili umeharibika. Baba alikwisha kufariki. Kwetu, ndugu wa damu ndiye huingia ndani, akafunua uso, akatoka na kuwaambia wazee, "Ni yeye." Waliniita mimi. Niliingia. Nilisimama mbele ya lile gunia, nikanusa harufu yake, na mikono yangu ikakataa. Nikahesabu pumzi kumi, nikatoka.

"Ni yeye," nikasema.

Tukazika. Tukanyoa nywele. Matanga yalipoisha wazee waligawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi. Ng'ombe wake wakaingia kwenye zizi langu, na Kabula, mkewe, nikapewa nimrithi. Mwaka wa pili tulipata mtoto. Sitakuficha: nilikuwa nimempenda Kabula tangu siku alipoletwa bomani kwetu kama bibi harusi wa kaka. Je, hiyo nayo ilizuia mkono wangu usifunue gunia? Nimejiuliza mara nyingi.

Sasa turudi mlimani. Nilishinda huko siku nzima, nikaandika majina, nikageuza kuelekea nyumbani Sapiwi. Alasiri wingu zito lilishuka juu ya mawe, mchana ukawa giza, na kwenye kona moja ya mteremko plagi ililowa kwa mvua na injini ikazima. Ndipo niliposikia majembe.

Nilipanda juu ya jiwe nikachungulia. Chini kulikuwa na bonde ambalo huwezi kuliona ukiwa barabarani, na bonde zima lilikuwa pamba, nzuri, iliyonyooka kama mistari ya daftari. Watu walikuwa wakipalilia. Hawakuvaa shati. Vichwa vimeinama, nywele zimesokotana, vinywa wazi. Radi ilipomulika sikuona hata mmoja akishtuka. Na katika mstari wa karibu kabisa nami, mtu mmoja alipumzisha jembe, akajikuna kisogo kwa kiganja kilichopinduliwa. Mtu mmoja tu duniani alikuwa akijikuna hivyo.

"Maduhu," nikasema. Sikupaza sauti, niliwaza kwa mdomo tu.

Akatoka kwenye mstari. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Akapanda lile jabali polepole, akapita kando yangu bila kunitazama, akakaa kwenye siti ya nyuma ya pikipiki, jembe magotini. Akanisubiri. Wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Mimi nilipiga teke mara moja na injini ikawaka. Akanishika shati kwa mikono miwili, kama nilivyomshika yeye zamani aliponifundisha baiskeli. Nililia njia nzima. Naapa, saa ile nilimpenda kwa moyo mmoja, bila doa.

Mama alipomwona hakupiga kelele. Alimgusa uso kwa vidole vyote kumi, kisha akanigeukia.

"Ulisema ulimwona," akaniambia.

"Mayu..."

"Nyamaza. Mshike asije akatoka."

Maana alikuwa tayari anarudi mlangoni. Tulimshika watatu, mama, Kabula na mimi, na tuliweza. Hakuwa na nguvu kupita mtu mwingine. Alihangaika tu, akakwaruza sakafu kwa kucha mpaka wino wa usiku ulipopauka, kisha akaanguka usingizini kama jiwe. Ndivyo walivyo misukule, mama alisema. Usiku wao ndio mchana. Hukumbuka kazi tu, na mwenye kuwafuga huwaita jua likizama. Lakini akizuiliwa jioni mbili na mtu wa damu yake, mganga akawepo, kamba inaweza kukatika.

Asubuhi mama alifunga kanga kiunoni akaenda kumleta mganga, mfumu wa upande wa pili wa mto.

"Nikichelewa, mwanangu, mshike," alisema. "Usiangalie kitu kingine. Mshike tu."

Mchana ule wote Maduhu alilala. Kabula alimwosha miguu, akamnyoa, akamtoa miiba kwenye vidole. Mtoto wetu alitambaa akamvuta sikio. Na mimi nikiwa nje napasua kuni nilimsikia Kabula akimwambia kwa sauti ndogo, sauti ambayo kwangu hakuwahi kuitumia hata siku moja, "Mume wangu, umekonda."

Mume wangu. Shoka lilisimama hewani. Nilitazama zizi, nikatazama ng'ombe, nikatazama nyumba niliyoezeka kwa mikono yangu, na kila nilichokitazama kilikuwa kimekwisha kugeuka kuwa cha mtu mwingine. Uchungu ulinipanda, mweusi, mtamu. Watu hawasemi kwamba uchungu una utamu. Unao.

Jua likaanza kushuka. Mvua ya jana ilikuwa imejaza mto, na mama hakuonekana. Kabula alikuwa jikoni, kibanda cha nje, akikoroga uji. Mimi nilikuwa peke yangu na kaka.

Akafumbua macho. Akaketi. Akanitazama, na mara hii aliniona.

"Mwangaluka," akasema.

Hiyo ni salamu yetu ya asubuhi. Jua linazama, na yeye ananiamkia. Ilikuwa sauti yake ile ile, yenye mkwaruzo kidogo. Sikuitikia. Kuna Msukuma asiyeitikia salamu ya mkubwa wake? Nilikuwepo mimi.

Akachukua jembe, akaenda mlangoni, akasimama. Nataka ulielewe hili vizuri. Alisimama. Hakukimbia, hakusukuma. Alisimama kizingitini na mgongo wake kwangu, kama mtu anayengoja kushikwa. Mikono yangu ilikuwa hapa, mizima, haina kazi. Nikahesabu pumzi. Kwenye pumzi ya kumi akainamisha kichwa, akatoka.

Mama alifika giza limeingia, amelowa hadi kifuani, mfumu nyuma yake.

"Alinizidi nguvu," nikamwambia.

Mfumu alinusa kizingiti, akanitazama mikono, wala hakufungua mfuko wake wa dawa. "Damu yake imemwachia," alisema. "Sina kazi hapa." Akarudi mtoni usiku ule ule.

Sungusungu wa kijiji walipanda mlimani siku ya tatu na pinde zao. Walikuta pamba iliyopaliliwa safi, bila nyayo. Tajiri aliwaandalia chai.

Uwakala niliupata. Unashangaa? Orodha yangu ilikuwa ya kwanza. Na msimu ulipofika, pamba nyeupe kuliko zote iliyopita kwenye mizani yangu ilitoka bonde lile. Niliishika kwa mikono yangu, nikaisifu mbele ya watu. Mama aliishi miaka minne baada ya hapo na hakula tena chakula nilichokigusa. Mpaka leo jua likizama mikono yangu hufa ganzi hadi kwenye viwiko. Nimeenda hospitali, nimeenda kwa waganga. Hakuna aliyeona ugonjwa.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayesoma, na hasa wewe uliye mdogo wa mtu: ukiitwa kufunua uso wa ndugu yako, ufunue. Hata kama unanuka. Hata kama unaogopa. Na hasa kama kuna kitu chake unachokitamani. Uongo ule wa maneno mawili hauishi kaburini, utarudi kukuuliza tena, na safari ya pili utakuwa na mengi zaidi ya kupoteza.

Siku ya nne baada ya Sungusungu kurudi, Kabula alimfunga mtoto mgongoni, akakunja kanga zake mbili, akaniomba nisogee kidogo nilipokaa, maana nilikuwa nimekalia mkeka wake. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Kwa baba yangu."

"Kwa nini, Kabula? Nilikuambia alinizidi nguvu."

Aliukunja mkeka kwanza, taratibu, akaufunga kwa kamba.

"Jikoni kuna tundu ukutani," alisema. "Nilikuwa nakoroga uji wake. Nilikuona umekaa."

Kisha akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukafungika.