Kinyota Alichokigonga Nabangala

Valarie Nabangala alikuwa fundi wa kujalidi vitabu kule Wandegeya, na wanafunzi waliokuwa wakimaliza masomo walipanga foleni mezani kwake kwa sababu mikono yake haikosei. Alikuwa akikata karatasi mia tatu kwa mpigo mmoja wa kisu cha mashine na hakuna hata moja iliyochomoza. Alikuja Kampala kutoka Bungoma akiwa na miaka ishirini na miwili, kumsaidia shangazi yake dukani. Shangazi akarudi nyumbani, yeye akabaki. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mitano. Wateja wake wengi hawakujua kwamba mwisho wa juma alikuwa mwanamichezo wa triathlon, ule mchezo wa kuogelea, kupanda baiskeli na kumalizia kwa mbio, yote kwa mfululizo bila kupumzika.

Msimu uliopita ulimwachia uchungu. Alitoka majini akiwa katikati ya kundi, lakini kwenye baiskeli watu kumi na tisa walimpita mmoja mmoja, naye akiwahesabu. Akaapa kwamba msimu ujao hautamkuta vile. Akaanza kutazama video kwenye simu, na zote zilimwambia jambo moja: anakaa wima mno, kifua chake kinagombana na upepo. Dawa ni kushusha usukani.

Basi akaushusha mwenyewe, juu ya meza ile ile ya kujalidia. Alikata kipande cha bomba la uma, lile linalopanda kutoka gurudumu la mbele mpaka kwenye usukani, kisha akagonga ndani yake kinyota cha chuma, kidude chenye meno kinachoshikilia skrubu ya juu. Video ilionyesha hivyo hasa. Usukani ukashuka vidole vinne. Siku iliyofuata akahisi anapaa.

Byron Sifuna aliona. Byron alikuwa Mkenya mwenzake, muuza vifaa vya ujenzi, na ndiye aliyekuwa na kasi kuliko wote kwenye klabu yao. Akamwomba amfanyie na yeye, maana hajawahi kuona mtu mwenye mikono safi kama yake. Nabangala akamfanyia. Alijivunia kazi ile zaidi ya kitabu chochote alichowahi kujalidi.

Wiki tano baadaye vidole vyake vilikuwa vikifa ganzi kila akipanda baiskeli, na shingo ilikuwa imekaza. Akwero, mwalimu wake wa kuogelea upande wa Kyambogo, ndiye aliyeligundua tatizo. Alimtazama akienda na kurudi bwawani mara nane, kisha akamwambia kwamba anainua kichwa kila anapovuta pumzi, na miguu inazama nyuma kama mzigo. Akamshika shingo kwa vidole viwili. Shingo hii, alisema, haikuharibiwa na maji, imeharibiwa na baiskeli. Akamwelekeza kwa Elisée.

Elisée alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyewahi kushindana kwa baiskeli alipokuwa kijana. Karakana yake ilikuwa Kyebando, kibarazani mwa duka la nguo la mkewe, Benedicte. Nabangala alifika Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi. Elisée alimketisha juu ya baiskeli akiwa ameegemea ukuta, akateremsha uzi wenye nati kutoka gotini mpaka kwenye pedali, akapima, akanung'unika, akapima tena. Mwisho akasema usukani uko chini mno. Mikono inabeba mwili wote, ndiyo maana vidole vinakufa. Akachukua ufunguo aufungue aupandishe.

Akavua shingo ya usukani, kile kipande kinachoufunga juu ya bomba. Akachukua tochi ya simu, akamulika ndani ya bomba. Kisha akaupitisha ukucha wake ubavuni mwa bomba, taratibu, na ukucha ukakwama.

"Nani alipigaka kinyota huku ndani?"

Nabangala aliinama kutazama.

"Hii haiko chuma, dada," Elisée alisema. "Hii iko kaboni, nyuzi na gundi. Kinyota ni cha chuma kwa chuma. Huku meno yake yanakula bomba kwa ndani. Ona."

Akaona. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, mweusi juu ya weusi, umezunguka karibu nusu ya bomba. Elisée alieleza bila kupaza sauti kwamba siku moja bomba lingekatika, usukani ungebaki mikononi, na gurudumu la mbele lingekwenda linakotaka.

"Ni mimi niliyegonga," Nabangala alisema.

Elisée alimtazama. "Ulifanyiaka mtu mwingine?"

Hapo ndipo alipokumbuka usukani mwingine alioushusha. Alipiga simu ya Byron. Ikaita muda mrefu, kisha akapokea Moreen, mke wa Byron, na nyuma yake mtoto alikuwa analia. Simu iko mezani, Moreen alisema, Byron huwa haibebi akienda kujipima muda. Ameondoka saa moja, ameelekea Zirobwe, atarudi kwa njia ile ile ya Gayaza. Akauliza kama kuna tatizo. Nabangala akasema hapana, alitaka kumwuliza jambo dogo tu la baiskeli. Alikata simu akijichukia.

Alijua safari ile. Alikuwa ameifanya na Byron mara nyingi. Wakati wa kurudi kuna mlima mfupi kabla ya Kasangati, na ukishafika juu barabara inamwagika chini kwa mteremko mrefu ambao Byron hashiki breki kamwe. Malori hupanda upande wa pili.

Kwenye kituo cha boda alimkuta Ocaya, aliyezoea kumbeba. Hakupatana bei. Alimwambia kuna mtu juu ya baiskeli itakayovunjika, na lazima wamkute kabla hajaanza kushuka.

"Madam, mimi nakimbiza," Ocaya alisema. "Lakini shika mimi vizuri."

Kanyanya palikuwa pamefungana kwa magari. Ocaya alipita kando ya mtaro, akapanda ukingo, akatukanwa kwa Kiganda na mwenye gari jeupe, hakugeuka. Nabangala alikuwa akitazama saa. Byron akiondoka saa moja, akigeuza bila kupumzika, atakuwa juu ya mlima saa tatu na robo. Sasa ilikuwa saa tatu na dakika tatu.

Walipopita Mpererwe akaanza kutunga maneno ya kumwambia Byron. Angeweza kusema uma una kasoro ya kiwandani. Angeweza kusema Elisée amesikia habari za baiskeli za aina ile. Hakuna mtu angejua. Byron angeshukuru na kununua uma mwingine. Maneno yale yalikuja mepesi, tena kwa mpangilio mzuri, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Jambo jingine likamjia, akamgonga Ocaya begani. Wakimkuta, asipige honi wala asimkatie njia. Akishtuka na kufunga breki ya mbele kwa nguvu, bomba litakatika hapo hapo.

Walipanda mteremko kutoka upande wa mjini wakitazama kila baiskeli iliyokuwa ikishuka. Mtu mwenye matoke. Mtu mwenye madumu ya maziwa. Hakuwa yeye. Walipofika juu Nabangala aliruka chini kabla boda haijasimama vizuri.

Byron alikuwa anakuja. Alikuwa amebaki mita mia mbili, amesimama juu ya pedali, anauvuta usukani kushoto, kulia, kushoto, kwa nguvu zake zote za mikono. Kila alipovuta, Nabangala aliuona ule ufa akilini mwake.

Alinyoosha mikono, akapunga taratibu. Byron alimwona, akatabasamu, akagusa saa yake kumwonyesha kwamba hawezi kusimama, yuko vizuri leo.

"Breki ya nyuma!" Nabangala alisema. "Byron, ya nyuma peke yake. Simama."

"Baadaye," Byron alijibu akihema, akampita.

Nabangala alikimbia. Byron alikuwa bado hajakaa, kasi yake bado ilikuwa ya mlimani, na mbele yao barabara ilianza kulala. Alikimbia kama hajawahi kukimbia kwenye mashindano yoyote, akalidaka tandiko kwa mikono miwili, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote. Viatu vilikwaruza lami. Baiskeli ikayumba, Byron akaweka mguu chini, wote wawili wakaangukia majani ya kando ya barabara, na lori lililobeba mchanga likapita likinguruma.

Byron aliinuka amechubuka kiwiko. Alimwuliza kama ana wazimu. Alisema alikuwa amepunguza dakika mbili, dakika mbili nzima, na kama anaona wivu aseme.

"Fungua usukani wako uangalie," Nabangala alisema. "Nilikosea. Kile kinyota hakifai kwa kaboni. Wangu umepasuka, na wako niliufanya mimi."

Byron aliinua baiskeli kutoka majanini. Alitoa funguo zake kwenye kifuko chini ya tandiko, akapiga magoti, akafungua. Skrubu ilimponyoka mara mbili. Alipovua shingo ya usukani hakuhitaji tochi. Kipande cha juu cha bomba kiliinama chenyewe, kikabaki kinaning'inia kwenye nyuzi chache za kaboni.

Alikigusa kwa kidole. Kisha akaketi kwenye majani na kugeuzia uso wake upande wa mteremko.

"Moreen anajua?" aliuliza.

"Nilimwambia si kitu."

"Usimwambie."

Hakumtukana, na Nabangala alitamani angemtukana. Byron aliibeba baiskeli begani, akasimamisha boda nyingine, akaondoka.

Mchana ule ule Nabangala aliandika kwenye kundi la simu la klabu. Aliandika alichofanya, jinsi alivyokifanya, na kwamba video ilikuwa ya bomba la chuma naye hakujua tofauti. Akaweka picha ya ufa. Baadaye Princesse, msichana wa Kikongo aliyejiunga mwaka ule, akauliza kinyota kinafananaje, kwa kuwa aliinunua baiskeli yake tayari imetumika. Jumatatu aliipeleka kwa Elisée, na kilikuwemo.

Elisée alimfungia Nabangala uma wa chuma, mzito, kutoka baiskeli ya zamani. Usukani ukarudi juu vidole vitatu. Alilalamika uzito, Elisée akasema uzito hauui mtu. Baada ya wiki mbili vidole vikaacha kufa ganzi, na bwawani Akwero alimwona kwa mara ya kwanza akigeuza kichwa pembeni kuvuta pumzi badala ya kukiinua. Miguu ikapanda. Alizoea kuhesabu mivuto mitatu ya mikono kwa kila pumzi, na polepole hofu ya kukosa hewa ikamwacha.

Mashindano yalikuwa mwezi wa tatu. Kwenye baiskeli walimpita watu saba, si kumi na tisa, na aliposhuka kukimbia mgongo haukuwa umechoka, akawarudia watano kati yao. Byron alimaliza wa pili kwa jumla, kwa uma mpya ambao hakumruhusu mtu yeyote kuugusa. Tangu siku ile ya mlimani alikuwa akimsalimia Nabangala kwa adabu, neno moja, akapita. Baada ya mashindano Moreen alikuja na mtoto mgongoni kumpongeza, akamkumbatia, akasema Byron amemsimulia kila kitu cha siku ile, ila ilimchukua miezi miwili. Nabangala aliangalia upande wa Byron. Alikuwa ameketi mbali, anakausha cheni kwa kitambaa, na hakuinua kichwa.