Mpambe wa Kinyangiri na Viatu vya Kuazima

Nilitoka Singida kwenda Kinyangiri kwa sababu Naomi aliniita nikawe mpambe wake. Tulisoma naye shule ya wasichana ya misheni, vitanda vyetu vikigusana, na tangu tukiwa wadogo tuliahidiana kwamba atakayetangulia kuolewa, mwenzake ndiye atakayemshika mkono. Alitangulia yeye. Harusi ikapangwa wiki ya Krismasi, shule zikiwa zimefungwa. Najua wengi wenu hapa mjini mmekwisha kusikia kipande cha habari hii kutoka kwa abiria waliorudi kabla yangu, maana nikipita sokoni nawaona mnavyogeuza nyuso kuficha kicheko. Basi sikilizeni safari nzima, halafu mcheke mkijua mnachokicheka.

Maandalizi yalianzia barazani kwa baba. Mnamjua baba, fundi cherehani, anashona mbele ya duka la Mama Shirin na mumewe. Alinishonea gauni la rangi ya maziwa kwa vitambaa vilivyobaki alipomshonea mapazia mke wa Bwana Shauri wa boma, na hakuna aliyeweza kutambua kwamba nimevaa pazia. Viatu ndivyo sikuwa navyo. Mama Shirin akaniazima vya binti yake, vyeupe pepepe, vya kufunga kwa kamba.

"Nirudishie kama vilivyo, Raheli," alisema. "Shirin atavivaa harusi ya binamu yake Tabora."

Mama yangu alipoviona alisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nikamjibu kwamba hivi ni viatu, si nguo. Hiyo ndiyo akili niliyoondoka nayo nyumbani.

Baba alinipa mwamvuli wake mweusi, ule anaoupenda kuliko cherehani. "Huu ni wa bibi harusi," aliniambia. "Wewe unaushika tu. Ikinyesha, wewe lowa, yeye asilowe." Nikaitikia, ndiyo baba. Kuitikia hakujawahi kunishinda.

Asubuhi ya safari stesheni ilijaa watu waliokuwa wakirudi kwao kwa sikukuu. Gari moshi la Kinyangiri, kama mnavyolijua, halina haraka na mtu. Lilitoka likikohoa, likaliacha ziwa nyuma pamoja na ndege wake wekundu, likaingia katikati ya majabali. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Kila mahali watu walikuwa wameinama mashambani wakipalilia mtama na uwele, na watoto walisimama juu ya mawe wakitupungia mikono. Nilipanda pekupeku, viatu nimevipakata, nimevifunga kwa kanga. Mama mmoja aliyekuwa na kuku wawili alinitazama kitambo kirefu.

"Binti, mtoto wako anaumwa?" akaniuliza.

"Si mtoto, mama. Ni viatu."

"Aa. Vinaumwa?"

Behewa zima likacheka. Nilinuna mpaka kituo cha pili, kisha nikacheka nami, kwa sababu akanigawia karanga.

Mchana tulifika Kinyangiri, mwisho wa reli. Aliyenipokea alikuwa Mama Elia, mama mdogo wa Naomi, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitwika mzigo wangu mwenyewe kichwani, tukaenda. Naomi alikuwa amewekwa ndani. Tulikumbatiana tukacheka mpaka tukaketi chini. Tulikumbushana uji wa shule, tukakumbushana mwalimu wa kuimba. Mama yake alikuwa pembeni akichambua choroko kwenye ungo. Alinisalimu kwa upole, akarudi kwenye ungo wake.

Jioni, kabla ya chakula, Mama Elia alinikalisha kwenye kigoda.

"Sikiliza, Raheli. Kesho, akishatoka kanisani, bibi harusi hana mdomo. Hatasema na mtu, hata na wewe, mpaka atakapopika ugali wake wa kwanza kwa mume, na hiyo ni baada ya siku kadhaa. Mdomo wake ni wewe. Na mguu wake ni wewe. Ukisimama, amesimama. Ukienda, amekwenda. Tukifika kwa mume, watatuita tuingie. Wataita kwa maneno matamu. Usikanyage kizingiti mpaka mama mkwe atoke, amtaje ng'ombe kwa rangi yake, mbele ya watu wote. Ng'ombe huyo ni wa Naomi mwenyewe. Hata mume akifa, hakuna shemeji wa kumgusa."

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Dada yangu huyu unayemwona aliingizwa haraka, bila ng'ombe kutajwa," akaendelea. "Mpambe wake aliona njaa. Mume alipofariki, ndugu zake wakaswaga ng'ombe wote. Naomi alikua bila maziwa. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Mama yake Naomi hakuinua uso. Nilisikia, ndiyo, lakini moyoni nilisema haya ni mambo ya wazee, sisi tumesoma. Na macho yangu yalikuwa kwenye ukuta, mahali nilipoviweka viatu, visije vikatafunwa na panya.

Siku ya harusi tulianzia kanisani. Naomi alipendeza, jamani. Shela yake ilikuwa ya kitambaa chepesi, na Yakobo, bwana harusi, alijibu maswali ya mchungaji kwa sauti kubwa mpaka watu wakatabasamu. Baada ya ibada tulianza kwenda kwa miguu kwa kina Yakobo, ng'ambo ya kijito. Tulikwenda polepole sana, maana bibi harusi hakimbilii kwa mume. Hatua chache, tunasimama. Wanawake wanaimba, tunasogea tena. Nilimfunika Naomi mwamvuli kwa ajili ya jua, nami nikawa nachagua pa kukanyaga kama kuku aliyefungwa kamba. Kwenye kijito nilivua viatu, nikavuka, nikafuta miguu kwa kanga, nikavaa tena. Msafara wote ulinisubiri. Mama Elia alitazama juu, wingu lilikuwa limejikusanya upande wa mashariki.

Tulipofika uani kwa kina Yakobo matone ya kwanza yakaanguka. Mlangoni walisimama wanawake wa upande wa mume. Mmoja wao, dada yake Yakobo, mcheshi, mwenye meno mazuri, aliniita mimi kwa jina.

"Raheli, mgeni wetu kutoka mjini! Ingieni, mvua hiyo. Utaharibu viatu vyako vizuri hivyo."

Alivisifu viatu. Kwa kweli hakuhitaji kusema zaidi. Mvua ikashuka yote kwa pamoja, na udongo mwekundu ukaanza kuruka. Nilikimbia. Nilikimbia na mwamvuli juu ya kichwa changu, nikaruka kizingiti, nikajikuta ndani, mkavu, na mtu ananipa kata ya togwa. Nikapiga funda la kwanza. Nikageuka nimwambie Naomi aonje.

Naomi hakuwepo nyuma yangu. Wanawake wa ndani walikuwa wanapiga vigelegele, na yule wifi yake alikuwa anatangaza kwamba mguu wa bibi harusi umeshaingia, mambo yamekwisha. Mama mkwe alikuwa anacheka kwa furaha, kama mtu aliyesamehewa ng'ombe. Nikachungulia nje. Bibi harusi alikuwa ameketi chini, katikati ya ua, kwenye tope, na gauni lake jeupe.

Alikaa wima, mikono mapajani, shela imemganda usoni. Mama Elia alivua kanga yake amfunike, Naomi akausukuma mkono wake taratibu. Yakobo alikwenda akasimama karibu naye, hajui afanye nini, akabaki naye analowa. Hakuna aliyeimba. Mama yake Naomi alisimama nyuma kabisa, ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, ananitazama mimi mlangoni, na mwamvuli wangu, na kata yangu ya togwa.

Nimeona aibu mara nyingi maishani, sitadanganya. Lakini ile ilishuka kutoka kichwani mpaka kwenye nyayo, nikawa sijui pa kuiweka kata. Nilitaka kutoka. Shangazi mmoja wa upande wa mume akanishika gauni.

"Kaa," alisema. "Umeshaingia. Mguu hauingii na kutoka. Sasa ni kati yake na sisi."

Kwa hiyo nilisimama pale, mkavu, nikamtazama rafiki yangu akilowa kwa ajili ya kosa langu. Vigelegele vikafifia. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua, na hakuna aliyekimbia mvua. Minong'ono ikaanza: nyumba gani hii inayomwacha mwali kwenye tope? Ikawa aibu imewageukia wenye nyumba. Mwishowe baba mkwe, mzee aliyekuwa kimya siku nzima, alimwambia mkewe maneno mafupi kwa Kinyiramba. Mama mkwe akatoka. Hakucheka tena.

"Ninampa binti yangu mtamba mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso," alisema kwa sauti ya kusikika. "Mmesikia wote. Ni wake na watoto wake."

"Tumesikia," watu wakaitikia.

Naomi hakuinuka. Alinyoosha mkono kuelekea mlangoni. Bibi harusi haingii peke yake, mpambe ndiye wa kumwinua, na mpambe alikuwa mimi. Shangazi yule akaniachia gauni, akanisukuma. Hapo ndipo ningeweza kuokoa japo kidogo cha heshima yangu. Nikafika kizingitini, nikaliona lile tope, na kabla sijajua ninafanya nini nikainama, nikaanza kufungua kamba za viatu.

Kamba zilikuwa zimekaza. Ua mzima ulingoja. Mkono wa Naomi ulikuwa bado umenyooka, mvua inautiririkia mpaka kwenye kiwiko, nami nahangaika na fundo. Nilivivua, nikaviweka ndani pakavu, ndipo nikatoka. Mwamvuli niliusahau. Nilimwinua, tukaingia, na vigelegele vya safari hii vilikuwa vyake. Mimi sikuwa na fungu humo.

Siku zilizofuata nilikaa naye chumbani, maana mpambe haondoki mapema. Nilimkausha nywele, nilimfulia gauni mara tatu na wekundu wa tope haukutoka. Nilimwambia nisamehe, Naomi. Alinitazama tu. Nilimweleza juu ya viatu, juu ya Mama Shirin, juu ya harusi ya Tabora, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mdogo. Kama ni mila iliyomfunga mdomo, au ni hasira, sikuweza kujua. Ukimya wake ulikuwa mmoja tu, nami ndiye niliyehangaika kuugawa mara mbili. Nje, watu wa nyumba ile walikuwa wameshampa yule mtamba jina. Walimwita Mwamvuli. Kila asubuhi nilisikia wakimwita mbele ya zizi, Mwamvuli, Mwamvuli, na wachungaji wanacheka.

Siku ya kurudi ilifika kabla Naomi hajapika ugali wake wa kwanza. Gari moshi likiondoka, lijalo ni baada ya siku kadhaa, na shule yangu ilikuwa inafunguliwa. Niliingia kumuaga. Naomi aliinuka, akavitwaa viatu vilipokuwa kwenye kona, akavipangusa vumbi kwa kiganja chake, kimoja kimoja, akavifunga kwenye kanga yangu na kunipakatisha. Kisha akauchukua mwamvuli wa baba, akauegemeza ukutani upande wake wa kitanda. Hakuurudisha. Mama yake alinisindikiza mpaka stesheni, akanipa choroko za njiani, akasema niwasalimie wazazi. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na ningependa angenilaumu.

Nilipanda gari moshi kurudi. Majabali yalikuwa yale yale, mtama ulikuwa umeinuka kidogo. Furushi la kanga lilikaa mapajani mwangu, na safari hii hakuna aliyeniuliza kama mtoto anaumwa.

Nyumbani, baba alitazama mikono yangu. "Mwamvuli uko wapi?"

"Uko kwa mwenyewe, baba."

Akakanyaga cherehani. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

Mnaniuliza safari imenifundisha nini. Imenifundisha kwamba nilijua kusema ndiyo kuliko kushika mkono wa mtu, na kwamba Naomi, niliyedhani mambo ya wazee hayamhusu, alijua anachokitaka, akakikalia chini kwenye tope mpaka akakipata, bila mimi. Ng'ombe amepatikana. Kilichopotea ni changu.

Jioni ile ile nilivirudisha viatu. Mama Shirin alivitoa kwenye kanga, akavipeleka mlangoni penye mwanga, akavigeuza juu chini. Alichungulia soli. Alipitisha kidole kwenye mishono.

"Haya ndiyo malezi," akamwambia binti yake. "Kwenda Kinyangiri na kurudi, na mvua hizi, hata tone la tope. Shirin, unaona? Raheli anajua kutunza kitu cha mtu."

Nikamshukuru, nikashuka barazani pekupeku, na mvua ilikuwa inanyesha.